Mbuzi Akitupa Mimba, Usilaumu Jicho la Husuda

Ukipita asubuhi kando ya reli inayokata mtaa wa Kibera, au ukishuka matatu ya nambari 46 kule Kawangware, hutakosa kuwaona. Wako juu ya jaa la taka wakitafuna maganda ya ndizi na viazi. Wengine wamelala kwenye kivuli cha kibanda cha kinyozi, na wengine wanavuka barabara bila haraka huku madereva wakipiga honi. Ni mbuzi, na hakuna anayewafukuza mbali kwa sababu kila mtu anajua wana wenyewe.

Mbuzi hao ni benki ya watu wasio na benki. Mmoja akiuzwa Januari, karo ya shule inapatikana. Mwingine huuzwa wakati wa Krismasi au Idi ya kuchinja, wanunuzi wanapojaa mitaa kama Makina na bei ikapanda. Mwenye majike matatu hana haja ya kukopa kila mtoto anapougua.

Ndiyo maana jike likitupa mimba ambayo imekaribia kutimia, nyumba huingia simanzi. Maneno nayo huanza papo hapo. Huyu anasema ni jicho la husuda la jirani, yule anasema ni watoto waliomrushia mawe, na wa tatu anaapa kuwa mnyama alikula nailoni jaani. Mwenye mbuzi anachukua mwanambuzi aliyekufa pamoja na zalio, anavitupa mtaroni au anawaachia mbwa, anafagia damu na kurudi kwenye shughuli zake.

Majuma mawili au matatu baadaye, yeye mwenyewe anashikwa na homa kali. Kichwa kinamuuma nyuma ya macho, jasho linamtoka usiku hadi shuka inalowa, na viungo vinauma kana kwamba amepigwa. Anakwenda zahanati, anapewa dawa za malaria, na juma lifuatalo anapewa za homa ya matumbo. Haponi.

Je, kuna uhusiano wowote kati ya mbuzi yule na homa hii? Huenda upo. Upo ugonjwa unaoweza kuunganisha mambo hayo mawili, nao unaitwa homa ya Q.

UGONJWA ULIOPEWA JINA LA SWALI

Mwaka 1935, wafanyakazi wa kichinjio kimoja mjini Brisbane, katika jimbo la Queensland nchini Australia, walianza kuugua homa ambayo madaktari hawakuitambua. Daktari aliyepewa kazi ya kuichunguza aliitwa Edward Derrick. Alipima damu yao akitafuta kila ugonjwa alioujua, asiupate hata mmoja.

Derrick hakutaka kuiita homa ya vichinjio, kwa kuwa jina hilo lingeharibu biashara ya nyama. Kuiita homa ya Queensland pia kungelipaka tope jimbo zima. Basi katika maandishi yake ya mwaka 1937 akaipa herufi Q, ambayo ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Ilikuwa homa ya kuulizwa.

Jibu lilipatikana muda mfupi baadaye. Macfarlane Burnet wa Australia alikigundua kiini cha ugonjwa huo katika sampuli za Derrick, na wakati huohuo Herald Cox na wenzake nchini Marekani walikuwa wamekipata ndani ya kupe huko Montana. Kwa heshima ya Cox na Burnet, bakteria hiyo ikaitwa Coxiella burnetii.

Bakteria hii ina tabia tatu ambazo mfugaji wa mjini yampasa azijue.

Kwanza, inapenda tumbo la uzazi la mnyama. Jike linapobeba mimba, viini huzaana kwa wingi katika zalio. Wataalamu wameona kwamba gramu moja tu ya zalio la mnyama aliyeambukizwa inaweza kuwa na viini hadi milioni elfu moja.

Pili, haifi upesi. Jua likikausha damu na maji ya uzazi, viini hubaki hai katika vumbi, samadi na manyoya kwa majuma na hata miezi. Dawa nyingi za kusafishia sakafu haziiui kwa urahisi.

Tatu, binadamu huivuta kwa pua. Huhitaji kuumwa na mnyama wala kuguswa naye. Vumbi likipeperushwa na upepo, viini vichache mno vyatosha kukuambukiza.

SI UGONJWA WA KIGENI

Usidhani haya ni mambo ya Australia peke yake. Mwaka 1955 jarida maarufu la udaktari la Lancet lilichapisha taarifa kuhusu homa ya Q mjini Nakuru. Kwa hivyo ugonjwa huu umejulikana nchini tangu kabla ya Kenya kupata uhuru. Uliokosekana ni mazoea ya kuutafuta.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, zilifuatilia kwa miaka mingi magonjwa ya wakazi wa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa Kibera, katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Ya pili ilikuwa Asembo, kaunti ya Siaya. Kule Asembo ndiko wataalamu walikopima damu ya watu na ya mifugo wakitafuta dalili za homa ya Q.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Karibu watu 3 kati ya kila 10 waliopimwa walikuwa wamewahi kukutana na viini hivyo. Mbuzi walikuwa hivyo hivyo, takriban 3 kati ya 10, na ng'ombe hawakuwa mbali. Kondoo walikuwa karibu 2 kati ya 10.

Lakini katika eneo la Busia, ambalo pia liko magharibi mwa Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulipata dalili hizo kwa ng'ombe mmoja tu kati ya 10, na kwa watu wawili au watatu kati ya 100. Tazama tofauti hiyo! Ndiyo sababu huwezi kubeba takwimu za Asembo ukazibandika Kawangware. Kila mahali pana hali yake, na njia ya kuijua ni kupima wanyama wa mahali hapo.

"MALARIA NA TAIFODI"

Wakazi wa mitaa yetu wanaufahamu wimbo wa zahanati nyingi. Ukifika na homa, utaambiwa una malaria. Usipopona, utaambiwa ni malaria na taifodi. Ni kweli kwamba taifodi ipo Kibera, tena kwa wingi, na uchunguzi wa KEMRI na CDC ulilithibitisha hilo. Malaria nayo inaweza kumpata mtu aliyetoka safari ya Kisumu, Busia au pwani. Lakini Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na haimo katika maeneo ya malaria nyingi. Iweje basi kila homa iwe malaria?

Majirani zetu wa Tanzania walijiuliza swali hilo. Mnamo 2007 na 2008, katika hospitali mbili za mji wa Moshi, KCMC na Mawenzi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wamewaandikia 528 kati yao kuwa wana malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, waliokuwa na malaria kwa hakika walikuwa 14 tu.

Wengine walikuwa na nini? Katika wagonjwa waliofanyiwa vipimo vya magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, karibu mmoja kati ya kila wanne alipatikana na mojawapo ya magonjwa hayo. Homa ya Q ilikuwa mojawapo, pamoja na bruselosi, ugonjwa wa mkojo wa panya na homa za kupe.

Kwa bahati nzuri, watu wengi wanaoambukizwa homa ya Q hawaugui kabisa au huugua kidogo na kupona wenyewe. Baadhi hupata homa ya mapafu au ini kuvimba. Wachache, hasa wenye kasoro katika vali za moyo, hubaki na viini vinavyoutafuna moyo polepole kwa miezi na miaka, nao wasipotibiwa hufa. Mama mjamzito naye anaweza kupoteza mimba, kama alivyoipoteza mbuzi wake.

MACHO HAYATOSHI

Sasa tufikie swali la mfugaji: nitajuaje kama mbuzi wangu anao?

Jibu la kweli ni kwamba kwa macho hutajua. Mbuzi, kondoo au ng'ombe mwenye viini hivi aghalabu hula vizuri, hung'aa manyoya na hutoa maziwa kama kawaida. Dalili kubwa hujitokeza wakati wa kuzaa tu. Mimba hutoka ikiwa imekaribia kutimia, au kitoto huzaliwa kimekufa, au huzaliwa dhaifu kikafa siku chache baadaye.

Hata dalili hizo hazitoshi kutoa hukumu. Bruselosi hutupisha mimba pia. Ndivyo ilivyo kwa homa ya Bonde la Ufa, na kwa magonjwa mengine kadha yanayoshambulia tumbo la uzazi. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara akipokea sampuli ya mnyama aliyetupa mimba, hatafuti ugonjwa mmoja pekee. Huyapima magonjwa kadha kwa pamoja.

Kwa hivyo, msomaji, asikudanganye mtu kwamba amemtazama mbuzi wako machoni na kujua ana homa ya Q. Kipimo ndicho kisemacho.

DAMU, MAZIWA NA ZALIO

Vipimo viko vya namna mbili. Namna ya kwanza hutafuta alama iliyoachwa na kiini mwilini. Namna ya pili hukitafuta kiini chenyewe.

Tuanze na damu. Daktari wa mifugo huichota kutoka mshipa wa shingo, huiacha igande, kisha huchukua maji meupe yanayobaki juu. Maji hayo hutiwa katika vishimo vidogo vya kisahani cha maabara ambavyo vimepakwa chembe za bakteria. Kama mnyama amewahi kukutana na kiini hicho, damu yake ina kingamwili, yaani askari waliofundishwa kupigana nacho. Askari hao hukinasa kiini na rangi ya kishimo ikabadilika. Kipimo hiki huitwa Elisa, nacho chaweza kupima wanyama wengi kwa siku moja. Kwa baadhi ya vipimo vya aina hii, maziwa hutumiwa badala ya damu.

Lakini kingamwili ni kama kovu. Kovu hukuambia mtu aliwahi kuumia, halikuambii kama jeraha bado linatoka damu. Mbuzi mwenye kingamwili huenda aliambukizwa mwaka uliopita na leo hamwagi kiini hata kimoja. Kinyume chake pia hutokea. Mbuzi mwingine anamwaga viini kwa wingi wakati wa kuzaa na damu yake bado haionyeshi lolote. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kurudi baada ya majuma matatu hivi kuchota damu mara ya pili, aone kama kingamwili zimepanda.

Namna ya pili ya kipimo, ile ya kukitafuta kiini chenyewe, huitwa PCR. Wakenya wengi walilisikia jina hilo mwaka 2020 wakati wa korona. Mashine huchukua chembe ndogo ya urithi ya bakteria na kuizidisha mara nyingi hadi ionekane. Sampuli inaweza kuwa maziwa, ute uliochukuliwa kwa pamba kutoka ukeni mwa mnyama siku chache baada ya kuzaa, au kipande cha zalio. Mafundi wa maabara wanaweza pia kukipaka kipande cha zalio kwenye kioo, wakakitia rangi maalumu na kukitazama kwa darubini. Viini huonekana kama vijiti vidogo vyekundu vilivyosongamana.

Kuviotesha viini hivyo maabara ni jambo jingine. Kazi hiyo haifanywi ovyo, kwa sababu fundi mwenyewe anaweza kuambukizwa kwa kuvuta pumzi. Huhitaji maabara yenye ulinzi mkali.

USHAHIDI TUNAOUTUPA MTARONI

Hapa ndipo ninapokuomba, msomaji, usimame kidogo. Katika vitu vyote ambavyo maabara inaweza kupokea kutoka kwa mbuzi aliyetupa mimba, chenye kusema zaidi ni zalio. Na katika vitu vyote vinavyotoka kwa mbuzi huyo, chenye hatari kubwa kwa binadamu ni zalio hilohilo. Kitu hicho ndicho tunachokitupa mtaroni watoto wanakochezea mpira, au tunachowapa mbwa, ambao nao wanaweza kuambukizwa.

Kwa tendo hilo moja tunafanya makosa mawili. Tunasambaza viini, na tunapoteza ushahidi ambao ungetuambia ni viini gani.

Jambo la pili ni hili. Huko mashambani, mtu mwenye mbuzi 50 ana kundi. Daktari akipima kadha kati yao, anapata picha ya kundi zima, na hivyo ndivyo vipimo vya homa ya Q vinavyofaa kusomwa. Jibu la mnyama mmoja halina uzito mkubwa. Kibera na Kawangware mambo ni tofauti kidogo. Huyu ana mbuzi wawili, yule ana watatu, na mwenye nyumba ana watano. Kila mtu anadhani ana kundi lake.

Lakini mbuzi hawajui mipaka ya ploti. Wanakula jaa moja, wanalala vichochoro vilevile, na mara nyingi wanapandwa na beberu mmoja. Kwa maabara, mbuzi wa kichochoro kizima ni kundi moja. Wafugaji wa ploti tano wakikubaliana kupimiwa mbuzi wao siku moja, jibu watakalopata lina maana kubwa zaidi, na gharama ya kumleta daktari wataigawana. Umoja ni nguvu, hata katika jambo la mbuzi.

Vilevile andika tarehe. Daftari la shilingi chache latosha. Mbuzi gani alipandwa lini, alizaa lini, alitupa mimba lini, alinunuliwa wapi. Mbuzi wengi wa Nairobi hufika kwa malori kutoka kaunti za kaskazini na kupitia masoko kama Kiamaiko. Jike lenye mimba lililonunuliwa sokoni wiki iliyopita ni mgeni, nawe hujui amebeba nini.

YALIYOWAPATA WAHOLANZI

Huenda ukasema, haya ni mambo makubwa kwa mbuzi wachache. Tazama basi yaliyoipata nchi tajiri ya Uholanzi.

Wafugaji wa mkoa wa Noord-Brabant walikuwa na mazizi makubwa ya mbuzi wa maziwa, na mimba zikaanza kutoka kwa wingi. Kuanzia 2007 watu wa vijiji vya karibu wakaanza kuugua homa na mapafu. Hadi mwaka 2010 wagonjwa walioandikishwa walipita 4,000, na makumi ya watu walifariki katika miaka iliyofuata kutokana na athari za ugonjwa huo. Wengi wa waliougua hawakuwa wafugaji. Walikuwa wakazi tu waliovuta hewa ya jirani. Waliokaa chini ya kilomita 2 kutoka zizi lenye ugonjwa walikuwa katika hatari kubwa mno kuliko waliokaa zaidi ya kilomita 5.

Serikali iliamuru maziwa ya kila zizi yapimwe kwa PCR. Mwishoni mwa 2009 ikaamua kuwaua mbuzi wenye mimba katika mazizi yaliyopatikana na ugonjwa. Zaidi ya mbuzi 50,000 waliuawa.

Waholanzi walihesabu kilomita. Sisi kati ya mbuzi na kitanda cha mtoto tuna bati moja, na wengine hata bati hilo halipo, kwani mbuzi hulala ndani kwa kuogopa wezi. Sisemi haya ili kukutia hofu wala ili uuze mbuzi wako kesho. Nasema ili ujue kwamba Uholanzi ilichelewa kuupima ugonjwa, na bei ya kuchelewa ilikuwa kubwa.

UFANYE NINI LEO

Wataalamu wa afya na mifugo wanashauri mambo ambayo hayangoji jibu la maabara. Yafuate iwe mbuzi wako amepimwa au hajapimwa.

Mbuzi anapokaribia kuzaa, mtenge. Mtafutie pembe isiyo na upepo mwingi, mbali na jikoni na mahali watoto wanapocheza. Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na mtoto mdogo wasisogee hapo.

Anayemzalisha avae glavu na barakoa, zile ambazo sote tulizizoea mwaka 2020. Barakoa nzito ya hospitali hukinga zaidi kuliko kitambaa. Akimaliza, avue nguo hizo, azifue peke yake, na anawe kwa sabuni na maji mengi.

Akitupa mimba, usitupe kitu. Mpigie simu daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi yako kwanza. Akiwa njiani, tia zalio na kitoto ndani ya debe lenye kifuniko na uliweke kivulini. Usilihifadhi kamwe ndani ya friji ya chakula, na usilikatekate mwenyewe. Daktari atachukua anachohitaji. Kinachobaki kichomwe hadi kiwe majivu, au kizikwe kwenda chini mahali mbwa hawawezi kufukua.

Lowesha kabla ya kufagia. Samadi kavu na majani ya kulalia yakifagiwa yakiwa makavu hutimua vumbi, na vumbi ndilo gari la ugonjwa huu. Nyunyizia maji kwanza. Kadhalika, wewe unayepanda sukuma wiki katika bustani ya magunia, usitie samadi mbichi ya mbuzi aliyezaa juzi. Ilundike, iloweshe, ifunike, na uiache ioze kwa miezi kadha.

Chemsha maziwa. Maziwa ya ng'ombe na mbuzi yanaweza kubeba viini hivi kwa miezi. Yakichemka hadi kufura, viini hufa. Mwaka 1956 Wamarekani walilazimika kuongeza joto la kutayarishia maziwa viwandani kwa sababu ya homa hii. Wewe huna haja ya kipimajoto, sufuria yako yatosha. Maziwa mabichi yaliyogandishwa kuwa mala bila kuchemshwa hayana usalama.

Unapochinja, usipasue tumbo la uzazi la jike lenye mimba ovyo. Kumbuka wale wagonjwa wa Derrick walikuwa wachinjaji. Nyama iliyoiva vizuri haina shida.

Usimdunge mbuzi dawa kiholela. Duka la dawa za mifugo litakuuzia sindano ya oksitetrasaikilini ukiomba. Dawa hiyo huweza kupunguza mimba zinazotoka, lakini haihakikishi kwamba mnyama ameacha kumwaga viini. Na ukimdunga kisha ukauza maziwa siku ya pili, unawanywesha wateja dawa.

WAENDE WAPI WAFUGAJI?

Wafugaji wa mjini wengi huogopa kuita daktari wa serikali. Wanadhani akija atakuja na askari wa kaunti. Lakini kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, nayo iliwekwa ili kilimo na ufugaji wa mjini viendelezwe kwa utaratibu. Anayejificha hupoteza haki ya kusaidiwa.

Wakazi wa Kawangware wana bahati. Chuo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, na maabara kuu ya mifugo ya serikali iko Kabete. Hakuna safari kubwa kufika huko. Kabla hujapeleka sampuli, uliza kupitia daktari wako ni vipimo gani wanavyofanya wakati huo, wanataka sampuli gani, na gharama yake. Sampuli iliyofungwa vibaya au iliyooza njiani ni kazi bure, tena ni hatari kwa abiria wa matatu.

NENO MOJA LA KUMWAMBIA DAKTARI

Mwisho, kuna dawa isiyogharimu hata senti. Ukishikwa na homa, au mtoto wako akishikwa, usiingie kwa daktari na kusema tu, "Nina malaria." Mwambie, "Ninafuga mbuzi, na mmoja alizaa wiki tatu zilizopita." Au, "Mbuzi wa jirani alitupa mimba mwezi uliopita."

Maneno hayo machache yanaweza kubadilisha safari yako yote ya matibabu. Viini vya homa ya Q huchukua majuma mawili au matatu kabla ya kukuangusha, na wakati huo mbuzi umeshamsahau. Daktari hawezi kuutafuta ugonjwa ambao hana sababu ya kuufikiria. Akiufikiria, ipo dawa iitwayo doksisaiklini, ambayo kwa kawaida humezwa kwa majuma mawili. Mama mjamzito humwandikia nyingine. Usijinunulie mwenyewe dukani.

Na daktari wa watu akishuku homa ya Q, amwarifu daktari wa mifugo. Daktari wa mifugo naye akiipata kwa mbuzi wa ploti, aiarifu zahanati iliyo karibu. Serikali yenyewe iliunganisha wizara za afya na mifugo katika kitengo kimoja cha magonjwa yatokayo kwa wanyama, ambacho kilizinduliwa rasmi mwaka 2012. Kilichofanywa huko juu kinaweza kufanywa huku chini, kati ya zahanati ya Gatwekera na mfugaji wa Gatwekera.

Basi msomaji, mbuzi wako akitupa mimba, muache jirani yako na jicho lake. Usiende kumuuliza kwa nini alimtazama mnyama wako. Nenda umuulize kama mbuzi wake naye ametupa mimba mwaka huu. Akijibu ndiyo, mna jambo la kumwita daktari wa mifugo pamoja.